Dereva Aliyemeza Kosa

Asubuhi ile simu ilisema, mbele ya Sista Madinah, muuguzi wa zahanati, na kwa sauti ya kusikika hadi nje, kwamba tatizo ni dereva, kwamba dereva anameza makosa, na kwamba dawa yake ni moja tu: kumfuta na kuweka mwingine. Na Sule, dereva pekee aliyekuwamo chumbani, alikuwa amesimama palepale na kofia yake mkononi. Mtu angecheka. Hata mimi ningecheka, kama si habari ya Zam.

Zam ni mke wa Sule. Wameoana muda mrefu, kiasi kwamba majirani wamechoka kuuliza. Mara mbili tumbo lilikuja na mara mbili likatoka, kabla hata halijaonekana. Hili la sasa lilikuwa limevuka pale. Lilikuwa la miezi minne, la kuonekana na kila mtu, na Zam alikuwa na tabia ya kulishika kwa mkono mmoja hata akikaanga vitunguu. Sasa alfajiri hiyo akaona damu. Si nyingi, lakini kwa mwanamke wa namna ile nyingi ni ipi na kidogo ni ipi? Hakupiga kelele. Alitoka bafuni, akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa anafunga mkanda wa suruali, akasema, "Imeanza tena."

Sule alimtia kwenye pikapu akampeleka kazini kwake mwenyewe. Yeye ni dereva wa zahanati moja ndogo pale Koboko, Uganda, upande wa barabara iendayo Oraba. Anabeba dawa, anabeba wagonjwa, na tangu mwezi uliopita anabeba mashine ya skani, ambayo ukiiona utauliza mashine yenyewe iko wapi. Ni kipimio cha kushika mkononi, chenye mkia wa waya wa USB unaochomekwa ubavuni mwa kompyuta ya kupakata, basi. Kipimio kinawekwa tumboni, picha inapita kwenye waya, inatokea kwenye skrini. Sule ndiye aliyeileta kutoka Arua, ameipakata kwenye mapaja kama mtoto wa watu.

Walipofika, walimkuta Rosa Kiden anashuka kitandani. Rosa ni mwanamke wa ng'ambo ya mto Kaya, Sudan Kusini, anauza samaki wakavu sokoni, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Tumbo lake na la Zam yalikuwa karibu sawa. Alifunga kitenge chake akamtazama Zam, akaona uso ulivyo, akaacha kucheka.

"Usiogope, dada," akamwambia. "Ya kwangu nimeona sasa hivi. Iko nacheza mpira ndani."

Akatoka. Chumba ni kidogo, kimebanana, na kitanda kimegusana na meza ya kompyuta. Sista Madinah akasema, "Sule, sukuma hiyo meza kidogo mama apite." Sule akaisukuma kwa ubavu, bila kutazama. Naomba msukumo huo muukumbuke, maana Sule mwenyewe alikuja kuukumbuka mpaka ukataka kumtia wazimu.

Zam akalala. Sista akaandika jina lake kwenye kompyuta, akampaka jeli tumboni, akaweka kipimio. Kwa kawaida Sista huwa anatafuta. Husogeza huku, husogeza kule, huuma ulimi, mwenye tumbo anakaa roho juu. Leo hakutafuta hata kidogo. Moyo ulikuwapo tayari, katikati ya skrini, kitone kinachofumba na kufumbua mbio mbio kama cherehani ya fundi siku ya kuamkia Idi.

"Eh! Huyu hapa!" Sista akapaza sauti. "Zam, huyu hapa, angalia!" Akaivuta meza na kuigeuza ili Zam naye aone. Zam akainua kichwa, akaona. Akaanza kulia na kucheka pamoja, kamasi na machozi, akasema alhamdulillah mara nisizoweza kuzihesabu. Sule alitazama ukutani, kwa sababu mwanamume akilia kazini kwake atasemwa hadi Krismasi na Idi zije.

Sista akamwambia Zam apumzike, asibebe ndoo, asishike jembe, arudi baada ya wiki. Zam akatoka akakaa kwenye benchi la nje, na kabla hajakaa sawasawa alishaipata simu ya mama yake Oraba. "Mama! Nimeona kwa macho yangu!" Sauti ile iliingia dirishani ikamjaza Sule kifua kizima.

Ndipo alipoitazama tena skrini.

Kipimio kilikuwa kwenye sinia. Sista alikuwa amekwisha kukipangusa jeli, kimelala pale kikavu, mbali na mtu yeyote. Na kwenye skrini moyo ulikuwa unapiga, cherehani ileile, wala haupungui.

"Sista," Sule akasema polepole, "hii kitu iko napiga bado."

"Nini?"

"Moyo. Ni ya nani?"

Sista Madinah akageuka. Akatazama skrini, akatazama sinia, akatazama kitanda kitupu. Akakichukua kipimio akakiweka kwenye kiganja chake. Moyo ukapiga. Akakigeuza juu chini. Moyo ukapiga. Akakiweka kwenye tumbo la Sule, juu ya shati, na msimdhani mwehu, hata ninyi mngefanya hivyo. Moyo ukapiga uleule, na juu yake, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la Zam.

"Lahaula," Sista akasema.

Sule aliinama akafuata waya kwa vidole. Alipofika ubavuni mwa kompyuta akakuta ncha yake imechomoka nusu, imening'inia tu, haijaingia wala haijaanguka. Wakampigia Moris. Moris ni fundi wa kompyuta, yuko Arua mjini, ndiye aliyeweka mambo yote ya mashine hiyo. Sista aliweka simu mezani, sauti kubwa, akamweleza.

"Hiyo si mashine, Sista. Shida ni dereva."

Sista akamtazama Sule. Sule akajitazama.

"Dereva amefanya nini?" Sista akauliza.

"Anameza kosa. Waya ikikatika yeye ndiye wa kwanza kujua. Anajua kabla ya kila mtu! Lakini hasemi. Ananyamaza, anaendelea kama kawaida, anawapa ninyi mambo ya zamani."

"Mimi?" Sule akasema. "Mimi nimemeza nini?"

"Huyo dereva ni mzee," Moris akaendelea, mtandao ukiwa mbovu wala hakumsikia. "Nilimwona tangu mwanzo kwamba si mzuri. Itabidi tumfute, tuweke mpya. Mpya ana akili."

"We bwana!" Sule akaifokea simu. "Mzee ni nani? Nimeendesha barabara hii tangu ikiwa vumbi, hakuna hata kuku wa mtu nimeua! Nani alikwambia mimi nimekata waya? Sista, huyu mutu anataka kazi yangu, ana ndugu yake anamtafutia!"

Simu ikacheka, ikacheka hadi ikakohoa. "Sule? Ni wewe? Si wewe, ndugu yangu! Dereva ya ndani ya kompyuta!"

Akaeleza, na nitayasema kama alivyoyasema, kwa kuwa Sule aliyashika yote. Ndani ya kompyuta, alisema, kila kifaa kina programu yake ndogo ya kukiendesha, nayo huitwa dereva. Kifaa cha USB ni kitu cha kuchomeka na kuchomoka, mtu anaweza kuvuta waya saa yoyote. Dereva mzuri anaishi akilijua hilo. Kila dakika anakiomba kifaa, "Nipe picha, nipe picha." Waya ukichomoka, maombi yanamrudia na kosa. Hapo anatakiwa aache kila kitu na apeleke habari juu: kifaa hakipo, sioni tena. Na skrini iwe nyeusi. Sasa huyu, aliyemwandika aliogopa watu wataona skrini nyeusi waseme mashine mbovu. Akamfundisha kwamba ukipata kosa, jaribu tena, na wakati unajaribu warudishie picha za mwisho ulizonazo zenye kitu, si giza tupu. Hiyo inafaa waya ukitikisika kidogo tu. Lakini alisahau kumwambia lini akate tamaa, kwa hiyo anajaribu milele.

"Kwa hiyo hii moyo," Sista akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba, "ni ya mwisho kabla waya haijatoka."

"Ndiyo. Ya mtu wa mwisho. Nani alikuwa wa mwisho?"

Nje, Zam alikuwa anampigia dada yake.

Sule si mtu wa shule nyingi, lakini hilo lilimwingia bila mwalimu. Meza ilisogezwa mara mbili. Yeye aliisukuma kabla Zam hajalala. Sista aliivuta baada ya moyo kuonekana. Ikiwa waya ulichomoka kwa mvuto wa Sista, basi moyo ni wa mtoto wa Zam. Ikiwa ulichomoka kwa ubavu wake yeye, basi Zam aliwekewa kipimio kilichokufa tumboni, na ule moyo uliomliza kwa furaha ni wa mtoto wa Rosa Kiden.

"Lakini jina," akasema. "Jina ni la Zam."

"Jina nimeandika mimi kwa vidole vyangu," Sista akajibu. "Picha haijui jina." Akakaa kwenye kiti. "Na ilikuja haraka mno. Mimi sikuitafuta. Ya Allah, mbona sikuitafuta?"

"Ulisogeza mkono? Picha ilisogea?"

"Sijui. Niliona moyo, nikafurahi, mkono ukasimama. Au nilisogeza? Sule, usiniulize, sijui."

Moris akasema wachomeke waya vizuri. Wakachomeka. Moyo uleule, haukujali. Akasema basi wazime kompyuta, wawashe upya. Sista akanyoosha kidole na Sule akamdaka mkono.

"Ukizima, hii inakwenda?"

"Inakwenda," simu ikasema.

"Hairudi?"

"Hairudi, ndugu yangu. Haijahifadhiwa mahali."

Sule hakuuachia ule mkono. Alikuwa anajua ni upuuzi. Picha tu ile, tena pengine ya mtoto wa watu, ambaye saa hii yuko sokoni na mama yake kati ya samaki. Lakini ilikuwa inapiga. Hata Sista hakujitoa. Walisimama hivyo, watu wazima wawili, wanatazama kitone, mpaka Moris akauliza kama mtandao umekatika. Sule akaachia. Sista akazima, skrini ikafa.

Kompyuta iliporudi haikukitambua kipimio tena. Ncha ya waya ilikuwa imepinda. Wakajaribu, wakabembeleza, wakapuliza vumbi kwa mdomo, wapi! Sista akachukua pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaitazama, akairudisha. Kwa mimba ya miezi minne pembe haisemi kitu.

"Mpeleke Arua," akasema. "Kwa Daktari Evelyn, nitampigia awangoje. Endesha polepole. Kama mtoto yuko, Zam apumzike, basi. Kama hayuko, Sule, lazima asafishwe, asikae naye ndani. Ngoja nitoke nimwambie."

"Hapana, Sista. Nakuomba. Nitamwambia mimi."

"Utamwambia?"

"Njiani."

Sista alikuwa na aibu yake mwenyewe, na mwenye aibu hana nguvu za kubishana. Akakubali.

Haya, safari. Zam alipanda kiti cha mbele akakilaza nyuma kidogo, amejifunika leso hadi kifuani. "Sasa Arua kwa nini?" akauliza.

"Sista anataka picha safi."

"Kwani ile ilikuwa chafu? Mimi niliona mpaka kucha." Akacheka. Hakuona kucha yoyote, alikuwa anatia chumvi tu, ndivyo furaha ilivyo.

Sule aliweka gia. Alikuwa ameamua kusema wakishatoka mjini. Wakatoka mjini, akaamua kusema lori lile la mbele likishapita. Lori likapita. Zam alikuwa kwenye simu na Prossy, jirani yao, anamweleza habari ya cherehani, na utamkatiza mtu simu yake namna gani? Akaamua amalize. Zam akamaliza, akampigia mwingine. Kila simu ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Kwa mama, mtoto alikuwa na moyo unaopiga tu, kwa Prossy alikuwa anapunga mkono, na kwa shangazi alikwisha kufanana na Sule paji la uso.

Na kichwani mwa Sule meza ilikuwa inasukumwa. Alijaribu kuukumbuka ubavu wake. Je, alisikia kitu kimenasa? Aliona waya umelala juu ya meza au nyuma yake? Mara aliona kabisa kwamba waya ulikuwa mbele, umelegea, hauna shida, na moyo ukamtua. Baada ya kona moja aliona kabisa kwamba ulikuwa nyuma, umebanwa na mguu wa meza. Vyote viwili aliviona waziwazi, na haviwezi kuwa kweli vyote. Akaanza kushuku kwamba hata kusukuma hakusukuma. Labda alivuta. Labda meza ilisukumwa Rosa bado kitandani. Akaipita pikipiki ya bodaboda bila kupiga honi, akaingiza gia ambayo siyo, gari likalalamika.

"Leo unaendesha namna gani?" Zam akamtania. "Kama mtu iko najifunza. Ni mtoto anakuchanganya? Bado hata hajazaliwa!"

Kwenye kituo kimoja huko Maracha Zam akataka mhogo wa kuchoma. Sule akasimama, akanunua. Zam hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Akaula wote, akalamba na chumvi vidoleni, akasema mtoto ana njaa. Akamkatia mumewe kipande. Sule akakiweka mdomoni kikakaa shavuni, hakiendi mbele wala nyuma. Alitaka kulia. Alitaka vilevile barabara isiishe, Arua isogezwe, wawe wanaendesha tu hivi na Zam anaongea. Maana humu ndani ya gari mtoto alikuwa mzima.

Mnaweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilimlaumu niliposikia, nikasema mwanamume gani huyu. Lakini hebu mtu akuulize jambo usilolijua, na anayeuliza amekaa anafurahi, na jibu lako ni "sijui." Neno dogo hilo. Nendeni mkajaribu.

Walipofika Ombaci, mji wa Arua ukawa umekaribia sana. Sule akaona hana tena mahali pa kusogezea. Akaliegesha gari pembeni, akazima injini. Zam akamtazama.

"Mafuta?"

"Zam," akasema. "Ile moyo. Sijui kama ni ya mtoto wetu."

Zam alitabasamu kwanza, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. Sule akamweleza yote, mbele nyuma, amechanganya Moris na meza na Rosa na kipimio kwenye sinia, akirudia pale aliposahau, mpaka ikabidi Zam amwambie aanze tena polepole. Akaanza tena. Alipomaliza, Zam alikuwa ameutoa mkono wake tumboni, ameuweka kwenye kiti, kana kwamba tumbo ni la mtu mwingine.

"Ulijua tangu Koboko," akasema.

"Sikujua."

"Ulijua!"

"Nilijua kwamba sijui."

"Na ukaniacha nimpigie mama." Sauti haikupanda, na hilo lilimwumiza Sule kuliko kelele. "Mama amekwisha kuita majirani. Na mhogo. Ukaninunulia na mhogo."

"Nilitaka kusema. Kila mahali nilitaka. Nikaona unafurahi, nikasema ngoja kidogo, labda..."

"Labda nini?"

Zam alitazama nje, ukuta wa misheni, mbuzi, watu wanaopita na mambo yao. Kisha akasema, "Kumbe huyo dereva ya Moris ni wewe kweli."

Sule alingoja matusi, angeyapokea yote. Hayakuja.

"Washa gari," Zam akasema. "Na kuanzia sasa, ukiona, sema unaona. Usipoona, sema huoni. Usinipe ya zamani."

Daktari Evelyn alikuwa anawangoja, mwanamke mpole mwenye miwani, Mlugbara wa Vurra, na chumba chake kilikuwa cha baridi. Mashine ya humu ilikuwa kubwa, imesimama kwa magurudumu yake. Zam akalala. Hakutazama skrini. Alifumba macho kabisa, akanyoosha mkono hewani mpaka ukampata Sule kwenye mkono wa shati, akamshika.

Daktari akaweka kipimio. Akatafuta. Akasogeza kushoto, akasogeza chini, akabonyeza, na skrini ilikuwa mawingu tu yanayopishana. Daktari akasogeza tena kidogo, kidogo sana, akatulia.

"Ah," akasema. "Mtoto huyu. Na moyo wake huu hapa, unaona? Unapiga vizuri."

Sule aliona. Kitone, kinafumba, kinafumbua. Akafungua mdomo kulia kwa furaha, lakini Zam hakuwa amefumbua macho wala uso wake haukubadilika.

"Daktari," Zam akasema, "toa hiyo kitu kwa tumbo yangu."

"Inakuumiza?"

"Toa tu."

Daktari Evelyn akamtazama Sule, hajui afanye nini. Sule akamwitikia kwa kichwa. Daktari akainua kipimio hewani.

"Sule. Unaona nini?"

Skrini ilikuwa giza. Hakuna kitone, hakuna wingu, hakuna kitu. Tangu azaliwe hakuwahi kulipenda giza kama lile.

"Sioni kitu," akasema. "Haiko. Nyeusi tupu."

Zam akavuta pumzi ndefu. "Daktari, sasa rudisha."

Kipimio kikashuka. Mawingu yakarudi. Daktari akawa anatafuta upya, maana mtoto naye alikuwa amejigeuza, na sekunde zikaenda.

"Sule?"

"Bado sioni." Neno lile lilimtoka kwa shida, na vidole vya Zam vikamkaza mkono hadi akahisi mfupa. Alitamani kumwambia kwamba anaona. Ilikuwa rahisi mno kumwambia anaona. Alikuwa ameona sasa hivi, haijapita hata dakika. "Bado, Zam. Sioni. Mkono wa daktari unasogea. Bado."

Zam hakufumbua macho. Alikuwa analia machozi ya pembeni, yanaingia masikioni.

"Bado," Sule akasema. Kisha, "Ngoja." Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Iko," akasema. "Sasa hivi. Iko."